Nyonga Iliyovunjika kwa Ajali ya Baiskeli: Mwongozo wa Kupona Ukiwa Nyumbani

Watu wanaoanguka na baiskeli wakavunjika nyonga huuliza maswali yale yale wanaporudi nyumbani: nikanyage au nisikanyage, nitajisaidiaje chooni, maumivu haya ni ya kawaida, na baiskeli nitaipanda tena lini. Hospitalini huwa wameelezwa, lakini maelezo hayo hutolewa siku ya kuruhusiwa, wakati ndugu wanahangaika na malipo na usafiri, na mengi husahaulika kabla gari halijafika nyumbani. Tena maelekezo mengi yaliyochapishwa yanamfikiria mtu mwenye kitanda kirefu, choo cha kukalia na ngazi yenye kishikio. Kwetu sehemu kubwa ya maisha huendeshwa chini: tunakaa mkekani, tunapika tukiwa kwenye kigoda, tunakuna nazi juu ya mbuzi, tunafua tumeinamia beseni, na chooni tunachuchumaa. Nyonga iliyotoka kupasuliwa haiwezi kushuka huko. Kwa hiyo kazi ya kwanza, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko mazoezi yote, ni kuyainua maisha ya mgonjwa yawe juu ya usawa wa magoti yake.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari amefanyiwa upasuaji. Kama umeanguka na bado hujapigwa picha, nenda hospitali leo. Mguu uliofupika na kugeukia nje hauna mjadala, lakini zipo nyonga zilizovunjika ambazo mwenyewe bado anaweza kusimama na kuchechemea, kwa sababu vipande vya mfupa vimebanana. Maumivu ya kinena yanayozidi ukikanyaga, baada ya kuangukia ubavu, yanatosha kudai picha ya eksirei. Vipande hivyo vikiachana kwa kuchelewa, upasuaji ambao ungekuwa mdogo huwa mkubwa.

Jambo moja tu la nadharia linahitajika. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kinachoingia katika kikombe cha nyonga, na chini ya kichwa ipo shingo. Aliyevunjika shingoni akiwa bado kijana kwa kawaida huungwa kwa skrubu ili abaki na kichwa chake mwenyewe. Mwenye umri mkubwa, hasa vipande vikiwa vimeachana, mara nyingi huwekewa nyonga bandia. Aliyevunjika chini ya shingo huwekewa bamba lenye skrubu au chuma kirefu ndani ya mfupa. Tofauti hii ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata, kwa kuwa mwenye nyonga bandia mara nyingi hukanyaga mapema lakini ana mikao aliyokatazwa, ilhali mwenye skrubu anaweza kuachiwa mikao mingi akazuiwa kuweka uzito kwa wiki 6 hadi 12. Ndiyo maana ushauri wa jirani aliyevunjika mwaka jana huenda usikufae kabisa, hata kama yeye alipona vizuri.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi ya kuruhusiwa yenye majibu ya maswali manne yaliyoandikwa, si ya kukumbuka kichwani: nimefanyiwa upasuaji gani, nikanyage kwa uzito kiasi gani, mikao ipi nimekatazwa na kwa muda gani, na picha inayofuata ni tarehe ngapi. Iwe ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili, KCMC au hospitali ya mkoa, unayo haki ya kuuliza haya, na usiondoke wodini kabla hujajibiwa.
- Kama uligongwa na gari au pikipiki, nakala ya fomu ya polisi, yaani PF3 kwa Tanzania au P3 kwa Kenya, kwa ajili ya madai ya bima.
- Magongo mawili, au fremu ya kutembelea kwa mzee au mtu asiye na nguvu za mikono.
- Kiti kirefu chenye mikono, na kiti cha choo, ambavyo nitavieleza hapa chini.
- Viatu vya kufunika kisigino vyenye soli isiyoteleza. Ndala ziwekwe kando kwa miezi hii yote.
- Mkoba wa kuvuka bega na chupa ya maji yenye kifuniko, kwa maana anayetembelea magongo hana mkono wa kubebea kikombe cha chai.
- Mto mgumu wa kuweka katikati ya mapaja.
- Mtu mmoja wa kushinda nawe, angalau wiki mbili za mwanzo.

Hatua za kufuata

1. Andaa nyumba kabla mgonjwa hajafika. Kipimo ni hiki: mgonjwa akikaa, nyonga zake ziwe juu kidogo kuliko magoti. Viti viwili vya plastiki vya aina moja vikichomekwa kimoja ndani ya kingine hupata kimo na uimara, ilimradi hakuna mguu wenye ufa. Kochi la kuzama halifai hata likiwekewa mto, kwa kuwa makalio hushuka na magoti hubaki juu. Kitanda kifupi kiinuliwe kwa matofali manne yaliyolazwa, moja chini ya kila mguu, kisha mtu mzima akitikise kwa nguvu kuhakikisha kwamba hakichezi. Mikeka, mazulia, nyaya na ndoo ziondolewe katika njia ya kwenda chooni, na tochi ilale karibu na mto.

2. Pima magongo ukiwa umevaa viatu. Simama wima, kati ya kwapa na kichwa cha gongo pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, na kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono wako unaoning'inia. Uzito hubebwa na viganja. Anayejitundika kwa makwapa hubana mishipa ya fahamu, akaanza kupata ganzi mkononi, na wengine hushindwa kuinua kiganja. Kagua pia mipira ya chini: ikilika na kuwa laini hubadilishwa mara moja, na ikilowa hufutwa kabla ya kukanyaga sakafu ya sementi.

3. Jifunze uzito wako kwa mizani. Daktari akisema ukanyage kwa kilo 20, hakuna anayezijua kilo 20 kwa hisia za mguu. Chukua mizani ya kupimia watu, uiweke mbele yako, na kando yake weka ubao au vitabu vya kimo kile kile. Simama na magongo, mguu mzima juu ya ubao, mguu mgonjwa juu ya mizani, kisha ulemee taratibu hadi mshale ufike 20. Rudia mara kadhaa asubuhi na jioni mpaka uweze kuipata namba hiyo bila kutazama. Kutembea kwenyewe hufuata mpangilio mmoja: magongo mbele, mguu mgonjwa, kisha unasukuma viganja na kuleta mguu mzima.

   Onyo: kutokuwa na maumivu si ruhusa ya kukanyaga. Chuma kinaweza kuutuliza mfupa ndani ya wiki chache, lakini kwa kawaida mfupa wenyewe huhitaji kama miezi 3 kuungana, na skrubu zinazobebeshwa uzito kabla ya wakati huweza kulegea au kukatika.

4. Shughulikia choo mapema kuliko kitu kingine chochote. Wengi hujitahidi kitandani na kwenye magongo, kisha wanaharibu kila kitu chooni. Choo cha kuchuchumaa hakitumiki kwa muda wote ambao umekatazwa kukunja nyonga kupita nyuzi 90, na hata asiyekatazwa hapaswi kuchuchumaa ilhali mguu mmoja haubebi uzito. Mpe fundi seremala kiti kigumu cha mbao chenye mikono, akitoboe katikati, akipime kwa goti la mgonjwa, na avalishe miguu yake vipande vya mpira wa tairi ili kisiteleze. Kinakaa moja kwa moja juu ya tundu la choo. Kama mlango ni mwembamba au sakafu ina mteremko, kikae chumbani na ndoo chini yake, na pasiwe na aibu katika hilo. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu kisitumike, kwa sababu hupasuka ghafla.

   Ukikaa, rudi nyuma hadi miguu iguse kiti, tanguliza mguu mgonjwa mbele, shika mikono ya kiti, kisha shuka polepole. Kopo la maji ya kutawadha liwe juu ya stuli, upande wa mbele, mahali mkono unapofika bila kiwiliwili kujipinda. Likiwekwa sakafuni nyuma ya kiti, utainama na kujizungusha kwa pamoja, na huo ndio mwendo unaoweza kuichomoa nyonga bandia. Kuoga nako hufanyika juu ya kiti, si kwa kusimama juu ya sementi yenye sabuni.

5. Zoea namna mpya ya kulala, kuvaa na kuswali. Lala chali au kwa ubavu mzima, mto ukiwa katikati ya mapaja, na usipishanishe miguu. Nguo huanza kuvalishwa mguu mgonjwa, na kuvuliwa huanza mguu mzima. Mwanamke anayevaa kanga au gauni refu aifunge juu ya vifundo, kwa kuwa pindo likinaswa na gongo mtu huanguka. Muislamu aswali juu ya kiti, rukuu na sijda akiziashiria kwa kichwa. Mkristo naye asipige magoti hadi aruhusiwe.

6. Anza mazoezi madogo siku ya kwanza. Ukiwa umelala, pandisha na kushusha nyayo mara 10 hadi 20 kila saa unapokuwa macho, ili damu isilale miguuni. Kaza msuli wa mbele ya paja kwa kubonyeza goti godoroni, hesabu hadi 5, achia. Kaza makalio vivyo hivyo. Kisha burura kisigino juu ya kitanda kuelekea kwenye makalio, ukiishia mahali uliporuhusiwa. Ukipata nguvu ya kusimama, shika meza nzito upeleke mguu mgonjwa pembeni, halafu nyuma, bila kiwiliwili kuinama. Kuinua mguu ulionyooka ukiwa umelala huonekana kuwa zoezi jepesi, lakini huibana nyonga kwa nguvu kubwa, na mwenye skrubu asubiri mtaalamu wa fiziotherapia amwambie. Maumivu yanayotulia kufikia asubuhi inayofuata yanavumilika. Yakibaki, punguza idadi kwa nusu.

   Onyo: usikubali kukandwa. Najua inafanywa kwa upendo, na mama au bibi anayeleta maji ya moto na mafuta ni vigumu kumkatalia, lakini paja na muundi unaokandwa wiki za mwanzo unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa, na donge hilo likisukumwa hupanda hadi mapafuni. Mganga wa kuunga mifupa naye hana cha kuunga palipokwisha wekwa chuma. Barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa kwa dakika 15 inatosha kupunguza uvimbe.

7. Fuata dawa, kidonda na chakula. Dawa ya kuzuia damu kuganda mara nyingi hutumika kwa karibu mwezi mmoja, na hairuhusiwi kuachwa eti kwa sababu mgonjwa sasa anatembea. Usinunue diclofenac au ibuprofen dukani ukachanganya nayo bila kumwuliza daktari, kwa sababu kwa pamoja huongeza hatari ya kutokwa na damu tumboni. Nyuzi kwa kawaida hutolewa kati ya siku 10 na 14. Hadi hapo kidonda kisilowe. Kula mayai, maharage, samaki, maziwa na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, na ota jua. Sigara huchelewesha mfupa kuunga, na hapo sina lugha ya kulainisha. Dawa kali za maumivu hufunga choo, hivyo ongeza maji, mboga na papai tangu siku ya kwanza.

8. Ngazi na usafiri. Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza na mguu mgonjwa hushuka kwanza, magongo yakienda pamoja na mguu mgonjwa. Kwenye gari, kaa kiti cha mbele kilichosogezwa nyuma kabisa na kuongezewa mto: tanguliza makalio, kisha ingiza miguu yote miwili kwa pamoja. Daladala na bodaboda hazifai.

9. Acha magongo kwa mpangilio. Baada ya picha na ruhusa ya daktari, toka magongo mawili hadi moja, na hilo moja lishikwe upande wa mguu *mzima*. Karibu kila mtu hulishika upande mbaya mwanzoni. Usiache gongo la mwisho kama ukitembea kiwiliwili bado kinalalia upande mmoja. Mwendo huo ukizoeleka ni kazi kubwa kuufuta, na mara nyingi sababu yake ni misuli ya kando ya nyonga kutokuwa na nguvu bado.

10. Rudi kwenye baiskeli ukiwa na masharti manne. Picha ionyeshe kwamba mfupa umeunga. Utembee bila gongo na bila kuchechemea. Usimame kwa mguu mgonjwa peke yake kwa sekunde 10. Na upande ngazi bila kujivuta. Kwa wengi hiyo ni miezi 3 hadi 6, na nguvu kamili huweza kuchukua mwaka. Mwendesha baiskeli Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kushinda Tour de France mara 4, alianguka nchini Ufaransa tarehe 12 Juni 2019 akavunjika paja, nyonga, kiwiko na mbavu. Pamoja na madaktari na wataalamu wote aliokuwa nao, alirudi kushindana katika mbio za hatua, yaani za siku kadhaa mfululizo, Februari 2020, yaani miezi 8 baadaye. Usione haya kuchukua muda kama huo.

    Baiskeli ya mazoezi isiyosogea inaweza kuruhusiwa mapema zaidi, mara nyingi kuanzia wiki ya 6 au ya 8, kiti kikiwa juu ili goti lisipande kupita nyonga. Kupiga pedali baiskeli ya kawaida ikiwa juu ya stendi yake si mbadala, kwa kuwa stendi haikutengenezwa kumbeba mtu anayeyumba, na ikilala utaangukia upande ule ule.

    Siku ya kwanza barabarani, usikimbie na baiskeli ukarusha mguu juu ya keria kama ulivyozoea. Ilaze baiskeli karibu na ardhi, vuka chuma cha juu kwa kukanyaga, kisha iinue ukiwa tayari umesimama katikati. Baiskeli ya kike isiyo na chuma cha juu ni bora zaidi kwa miezi ya mwanzo. Chagua kiwanja tambarare, asubuhi, bila mzigo. Gunia la mkaa au abiria kwenye keria vingoje hadi uweze kusimama ghafla na kuegemea mguu wowote bila kufikiri. Kabla ya yote, fundi aikague baiskeli iliyoanguka: uma wa mbele uliopinda kidogo, spoku zilizolegea na breki zilizohama ni mambo ambayo jicho la mwenyewe huyapita.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyashughulikia

*Mguu unavimba.* Uvimbe wa jioni unaoisha ukiuinua mguu ni wa kawaida kwa miezi kadhaa. Muundi unaovimba, kuuma na kupata joto bila kupungua ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Kubanwa pumzi au kuchomwa kifuani kwa ghafla ni dharura ya dakika ile.

*Kidonda kinatoa majimaji au kuna homa.* Usipake asali, unga wa dawa wala mafuta, na usinunue antibayotiki dukani. Rudi kwa waliokupasua, kwa kuwa maambukizi yaliyofika kwenye chuma hayatibiki kwa vidonge vya kubahatisha.

*Maumivu ya ghafla, na mguu umefupika au umegeuka.* Nyonga bandia imechomoka au chuma kimeachia. Usisimame, na mtu yeyote asiuvute mguu. Lala ulivyo, uwekewe mito pembeni, upelekwe hospitali.

*Maumivu ya kinena yamerudi baada ya miezi mingi ya nafuu.* Hili nawaomba wenye skrubu wasilipuuze. Mishipa inayolisha kichwa cha mfupa hupita shingoni, na shingo ikivunjika inaweza kukatika, kichwa kikafa polepole hata kama ufa wenyewe uliunga vizuri. Mwendesha baiskeli wa Marekani Floyd Landis alivunjika nyonga mwaka 2003, na mwaka 2006 alilazimika kuwekewa kiungo bandia kwa sababu hii. Dalili huweza kuchelewa hadi mwaka wa pili na zaidi; kwa hiyo hudhuria tarehe za picha hata ukijiona umepona.

*Ninaona mguu mmoja mfupi.* Mara nyingi ni misuli iliyokaza, na hunyooka kwa mazoezi. Tofauti ikibaki baada ya miezi 3 au 4, ipimwe hospitalini, kisha fundi viatu aongeze soli kwa kipimo alichoandika mtaalamu, si kwa kukisia.

*Nilianguka kwa mwendo mdogo tu, mbona nimevunjika?* Kama umevuka miaka 50, omba upimwe uimara wa mifupa, kwa sababu kuanguka kwa aina hiyo huweza kuwa dalili ya mifupa iliyodhoofika, na dawa zake zipo.

*Tendo la ndoa.* Huulizwa kwa kunong'ona au haliulizwi kabisa. Wengi hurejea baada ya kama wiki 6, wakizingatia mikao ile ile waliyokatazwa. Muulize daktari waziwazi, amekwisha kulisikia swali hilo.

*Vyuma vitolewe lini?* Visipokusumbua, kwa kawaida hubaki. Vikikwaruza au kuuma unapolala ubavu, daktari anaweza kuvitoa baada ya mfupa kuunga kabisa, lakini matundu ya skrubu huuacha mfupa ukiwa dhaifu kwa muda, hivyo baiskeli husimama tena na magongo hurudi hadi picha mpya itakaporuhusu.